Binti kamaliza la saba, intavyuu ya sekondari iko mbele, Kiingereza ndicho kinachomwangusha

Mama_Genge aliandika:

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wenu, hasa walimu mliomo humu.

Binti yangu kamaliza darasa la saba Septemba hii, shule ya serikali, zile za Kiswahili. Hesabu hana shida, sayansi hana shida. Kuna shule moja ya bweni ya binafsi ambayo ameitamani tangu dada wa jirani alipoingia pale, na baba yake amekubali tujibane tumlipie. Ila lazima afanye mtihani wao wa kujiunga katikati ya Novemba. Ni Hesabu na Kiingereza, halafu mahojiano ya mdomo.

Huyo dada wa jirani katupa fotokopi ya mtihani alioufanya yeye. Sehemu ya kwanza ni kujaza vitenzi, ya pili kusahihisha sentensi zenye makosa, ya tatu wamepewa aya nzima haina nukta wala herufi kubwa hata moja, wanatakiwa waiweke sawa. Halafu imla, mwisho insha fupi. Binti kaufanyia hapa hapa gengeni. Hesabu alimaliza huku anaimba. Kiingereza alikaa nacho mpaka nikaanza kufunika nyanya.

Mimi niliishia la saba, tena zamani. Herufi nazisoma, lakini siwezi kumwambia hapa umekosea, hapa umepatia. Nanakili insha yake kama ilivyo, sijagusa kitu:

"Last week me and my young brother we go to the market to buy a tomatoes. My mother he told us dont delay. In the road we have met with one old man. He was carry many luggages. he asked us you are going where. My brother was fear but me I helped him. When we reached at home it was evening and my mother was very hungry because we are late."

Maswali yangu. Mtaani kuna kituo cha tuisheni cha kuwaandaa watoto kwa kidato cha kwanza. Nimechungulia madaftari ya wanaosoma pale, kurasa na kurasa ni "A noun is…", "A pronoun is…", maelezo ya kukariri. Hicho ndicho atakachoulizwa? Kuna kitabu cha kununua? Na mimi nisiyejua lugha yenyewe, jioni tukikaa naye namsaidiaje?

Natanguliza shukrani. Naomba kuwasilisha.

Kijana_wa_Mbezi alijibu:

Mama angu usijichoshe, mwekee katuni za Kiingereza tu. Akisikiliza sana kinaingia chenyewe. Mimi nilijifunzia kwenye muvi na nilitoboa.

Mwl_Chaki alijibu:

Mama, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za gengeni. Nilianza kufundisha Kiingereza shule ya msingi ya serikali, sasa hivi niko sekondari ya binafsi, na mitihani ya kujiunga kama huo wa binti ni mimi na wenzangu tunaoisahihisha. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Katuni ni nzuri kwa sikio, kijana hapo juu hajakosea. Lakini sijaona katuni iliyomwonyesha mtoto mahali pa kuweka nukta.

Insha ya binti nimeisoma taratibu. Kwanza nikwambie jambo ambalo pengine hakuna aliyekwambia: ukiondoa "dont", hakuna neno alilokosea herufi. "Brother", "market", "evening", "because", yote yako sawa. "Tomatoes" kaiweka na ile e kabla ya s ambayo watoto wengi huiruka. Huyu mtoto anasoma. Na kisa chake kina mwanzo, kina katikati, kina mwisho. Sisi tunaosahihisha hatutafuti mtoto anayeongea kama Mwingereza. Tunataka kujua kama Januari mwalimu wa Biolojia akisimama mbele yake na kuongea Kiingereza kipindi kizima, atashika kitu. Maana kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja, na mtoto wa shule ya Kiswahili ndiye anayeumia.

Sasa makosa. Ukiyahesabu ni mengi, ukiyaangalia yanakotoka ni machache, na karibu yote yanatoka kwenye Kiswahili chake kizuri. Anafikiri sentensi ya Kiswahili, halafu anabadilisha neno moja moja.

Chukua "my mother he told us". Kiswahili chetu kina yeye mmoja tu, mwanamke na mwanamume sawa. Kwa hiyo mkono wa mtoto unaandika "he" popote. Hili hata wewe unaweza kulisimamia bila kujua Kiingereza: mwambie apigie mstari kila "he", "she", "his" na "her", na wewe muulize kila mmoja, huyu ni mwanamke au mwanamume? Basi. Atajisahihisha mwenyewe.

Halafu angalia "me and my young brother we go", "me I helped", na hapo hapo "my mother he". Ametaja mtu, kisha kamtaja tena. Kwa Kiswahili lazima iwe hivyo: "mama alituambia", ile a- imo ndani ya kitenzi, huwezi kuitoa. Kwa Kiingereza mtu akishatajwa jina, kitenzi kinafuata moja kwa moja: "my mother told us". Dawa yake ni kalamu nyekundu. Akiona jina limefuatwa na "he", "she", "we" au "they" vinavyomsema mtu yule yule, akate kimoja.

Nyakati ndipo penye maksi nyingi, kwa sababu sehemu ya kujaza vitenzi yote ni nyakati. Binti kaandika "last week… we go". Kisha "we have met". Hili la pili ni ugonjwa wetu sote, kwa sababu "nimekutana naye jana" tunasema kila siku na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza "have met" haikai na wakati uliokwisha kutajwa. Mfundishe atafute kwanza neno la wakati kabla hajagusa kitenzi. Akiona "yesterday", "last week", "two days ago" au "in 2020", hapo "have" haiingii, ni "met", "went", "saw" peke yake. Akiona "since", "already" au "yet", mara nyingi ndipo "have" inapohitajika. Watoto wanaofanya vizuri kwenye sehemu hiyo hawajawazidi wenzao akili, wanasoma sentensi mpaka mwisho kabla ya kujaza.

Na "did". Kila mwaka nakutana na "Did you went?" na "He didn't came". Watoto wangu nawaonyesha kwa Kiswahili na wanaelewa hapo hapo. "Alienda" ina -li-. Ukikanusha unasema "hakuenda", ile -li- imetoka, kazi yake imechukuliwa na -ku-. Hakuna anayesema "hakulienda". Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: "did" ikishabeba wakati uliopita, "went" inarudi kuwa "go". Wakati uliopita unaandikwa sehemu moja tu. Ile s ya "he goes" ina tabia hiyo hiyo, ikishapanda kwenye "does" haibaki kwenye kitenzi: "Does he go?"

"A tomatoes" na "many luggages" nitavipita haraka. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo hili litamsumbua miaka, usitegemee liishe kabla ya Novemba. Kwa sasa ashike kwamba "a" ni ya kitu kimoja kinachohesabika, na kwamba "an" inafuata sauti, si herufi: "an hour" kwa sababu h haisikiki, "a university" kwa sababu inaanza na sauti ya y. Watunzi wanaipenda sana mitego hiyo miwili. Na kuna maneno ambayo hayachukui s kabisa, ayakariri tu kama dua: luggage, furniture, information, advice, equipment.

"In the road" ni kwa sababu ya -ni yetu. Mezani, njiani, sokoni, mlangoni, sisi -ni moja inamaliza kazi zote. Kiingereza kinamtaka achague: "on the table", "on the way", "at the market", "in the house". Hapa hakuna kanuni ya kumpa, anajifunza kifungu kizima pamoja na kihusishi chake. Na "reached at home" ni "reached home", kama ambavyo "discuss about" ni "discuss" tu.

"You are going where" ni "mnakwenda wapi" iliyovaa Kiingereza. Neno la kuuliza lipande mwanzoni: "Where are you going?" Na "hungry" hiyo ya mwisho imenichekesha, maana mama alikuwa amekasirika, hakuwa na njaa. Ni "angry". Aandike yote mawili kwenye karatasi ayabandike ukutani.

Insha ikirekebishwa inakuwa hivi, mpe ailinganishe na yake neno kwa neno:

"Last week my younger brother and I went to the market to buy tomatoes. My mother told us not to delay. On the way we met an old man. He was carrying a lot of luggage. He asked us where we were going. My brother was afraid, but I helped the man. When we reached home it was evening, and my mother was very angry because we were late."

Sasa alama za uandishi, na hapa naomba mkae sana. Ni sehemu ambayo mtoto wa shule ya Kiswahili anaweza kumpita hata wa shule ya Kiingereza, kwa sababu haihitaji msamiati mkubwa na kanuni zake ni chache. Katika fotokopi yenu hiyo aya isiyo na alama bila shaka ina watu wanaozungumza. Ni desturi ya watunzi. Mfano nimetunga mwenyewe:

where are you going asked the old man we are going to the market said neema dont be late he said

Jibu lake:

"Where are you going?" asked the old man.
"We are going to the market," said Neema.
"Don't be late," he said.

Mwambie atazame vitu hivi. Alama ya kuuliza iko ndani ya alama za usemi, haiko nje. "Asked" imeanza kwa herufi ndogo ingawa nyuma yake kuna alama ya kuuliza, na hapo ndipo karibu kila mtoto huweka A kubwa. Baada ya "market" ni mkato, si nukta, kwa sababu sentensi haijaisha mpaka tujue nani kasema. Akibadilika msemaji, mstari mpya. Neema ni jina, herufi kubwa. Na "don't" ina kile kialama cha juu anachokijua tangu darasa la kwanza kwenye ng'ombe, ila hapa kinakaa mahali pa herufi iliyotolewa: "do not", o imeondoka, alama imekaa pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana ni "don't" na siyo "do'nt".

Zoezi lake halihitaji mwalimu. Leo anakili aya moja yenye mazungumzo kutoka kitabu cha hadithi, yote herufi ndogo, bila alama yoyote. Anafunga kitabu. Kesho kutwa, akiwa amesahau, anaweka alama. Halafu wewe mama unashika kitabu, yeye anashika daftari, mnaenda mstari kwa mstari. Nukta ni nukta hata kwa asiyejua lugha. Wewe ndiye msahihishaji.

Imla vile vile. Achague maneno machache kwa siku: asome, afunike, aandike, afunue alinganishe. Asiandike neno huku analitazama, huko ni kuchora. Maneno yenye herufi zisizosikika ayatamke kwa Kiswahili kichwani mwake, silabi kwa silabi: "we-d-ne-s-da-y", "k-ni-fe", "i-s-la-nd", "Fe-b-ru-a-ry". Wataalamu watanicheka, lakini mtoto wetu amezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, basi aitumie silaha hiyo. Mdomoni atatamka vizuri, kichwani atatamka kwa herufi.

Kuna jambo moja la tahajia linalomsumbua Mswahili kwa namna yake. "Begin" inakuwa "beginning", n mbili. "Visit" inakuwa "visiting", t moja. Kwa nini? Kwa sababu "begin" mkazo uko mwisho, "visit" mkazo uko mwanzo. Sisi mkazo wetu uko palepale karibu siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio halijazoea kuutafuta. Ayasome kwa sauti: kwa maneno kama haya, mkazo ukiangukia mwisho, herufi inajirudia. "Forget, forgetting". "Open, opening".

Kuhusu tuisheni: kama wanakaririsha "A noun is…", hela yako nunulia madaftari. Sijawahi kuona mtihani wa kujiunga unaouliza nomino ni nini. Vitabu usinunue kwanza. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vyake vya kiada, unavisoma bure kwa simu. Anza na English cha darasa la tano, siyo la saba. Na Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ya Kiingereza ya darasa la saba inaeleza swali kwa swali kwa nini watoto walichagua jibu lisilo sahihi. Wazazi hawazijui kabisa hizo, wakati ziko wazi kwa kila mtu. Imeandikwa Kiingereza, mtafute dada wa jirani awasomee.

BabaPacha alijibu:

Mwalimu nakuheshimu, ila kwenye tuisheni napingana na wewe. Mapacha wangu walisoma shule ya Kiswahili, nikawapeleka kituo kama hicho hicho. Mtihani wao uliandika "Change the following sentences into passive voice". Mtoto asiyejua passive voice ni mdudu gani angeanzia wapi? Wangu walijua kwa sababu walikaririshwa. Wote wawili walipita. Usimwambie mama wa watu aache kituo halafu mtoto akakwama kwenye maelekezo ya swali.

Mwl_Chaki alijibu:

BabaPacha, hoja yako naikubali nusu. Majina ya maelekezo lazima ayajue, na ni machache: plural, opposite, negative, passive voice, reported speech, question tag. Ayajue kwa mfano, siyo kwa ufafanuzi. "The cat ate the fish", ikigeuka "The fish was eaten by the cat". Kauli ya kutendwa hiyo, paka kala samaki, samaki kaliwa na paka, mtoto wa Kiswahili anaielewa kuliko mtu yeyote. Jioni moja inatosha. Kinachonikera ni kulipia mwezi mzima wa aina za nomino.

Reported speech ndiyo ya kuchimba kidogo. Sisi tunasema "alisema atakuja", ile -ta- inabaki kama alivyoisema mwenyewe. Kiingereza kinairudisha nyuma: "He said he would come". "Will" inakuwa "would", "am" inakuwa "was", "tomorrow" inakuwa "the next day", "yesterday" inakuwa "the day before", "here" inakuwa "there". Mtoto akisahau kurudisha nyuma anaona jibu lake liko sawa kabisa, kwa sababu kwa Kiswahili liko sawa.

Question tag nayo. Sisi tuna "si ndiyo?" moja inayokaa popote, ndiyo maana tunaandika "isn't it" kila mahali. "She is sick, isn't she?" "They went home, didn't they?" Mbele ikiwa chanya, nyuma hasi, na kinyume chake. Halafu mitego miwili ya kukariri: "Let's go, shall we?" na "I am late, aren't I?"

Binti_wa_Bweni alijibu:

Shikamooni wote. Mimi niko kidato cha pili, niliingia kwa intavyuu nikitokea shule ya Kiswahili, kwa hiyo nimepita humo humo.

Mama, mwandae na ya mdomo, watu wanaisahau. Mwalimu aliniuliza "Don't you have any sisters?" Mimi sina dada. Nikajibu "Yes", yaani ndiyo, sina. Akasema "What are their names?" Nikabaki namtazama. Sisi ukiulizwa "Hujala?" na kweli hujala unajibu "Ndiyo, sijala". Wao hapo ni "No, I don't". Mwambie asifuate swali, afuate ukweli wenyewe: kama hakuna, ni "No" hata waulize vipi.

Na ajue kusema "Sorry, could you repeat the question, please?" Hawakati maksi kwa kuomba warudie. Kuna mwenzangu alinyamaza kimya swali zima kwa kuogopa kuomba.

Mengine aliyosema Mwalimu ni kweli, hasa "asked" na herufi ndogo. Ilitoka kwetu.

Mama_Genge alijibu:

Jamani asanteni, Mungu awabariki. Mwalimu marahaba, nimekuzidi nadhani, nina mtoto mkubwa ameshaoa.

Tumeanza na lile zoezi la kuondoa alama. Leo jioni nimeshika kitabu, yeye daftari, wateja wanatushangaa. Nimemkamata "Asked" kwa A kubwa na amekataa katakata mpaka nilipomwonyesha kitabu. "He" na "she" ameanza kujiuliza mwenyewe kabla sijamuuliza. BabaPacha, kituo nitampeleka wiki ya mwisho tu kwa ajili ya mitihani ya majaribio, ili azoee kukaa na saa.

Binti ana maswali yake, kaniambia niyaandike. La kwanza, "its" na "it's", kwenye kitabu ameona zote mbili. La pili, ameandika "My mother is selling vegetables at the market", dada wa jirani kasema si sahihi, akashindwa kueleza kwa nini. La tatu, akiandika "colour" kwenye simu ya baba yake, simu inaweka mstari mwekundu, inataka "color". Nani mkweli, simu au kitabu?

Mwl_Chaki alijibu:

Marahaba ni yangu kuipokea basi, mama, samahani kwa kubahatisha.

"It's" aisome kama "it is" (au "it has"). Sentensi ikikubali, alama inabaki: "It's raining". Ikikataa, alama iondoke: "The dog hurt its leg", huwezi kusema "the dog hurt it is leg". Hajawahi kunishinda mtoto kwenye hilo akishaonyeshwa hivyo.

"Is selling" kosa lake ni -na- yetu. "Mama anauza mboga" inafaa kwa kazi yako ya kila siku na inafaa pia kwa sasa hivi unapompimia mteja. Kiingereza kinatenganisha. Kazi ya siku zote: "My mother sells vegetables". Akikuona saa hii umeshika mizani: "My mother is selling vegetables now". Dada wa jirani yuko sawa. Aende akabadilishe zote kwenye insha zake za "My family" na "My school", maana humo ndimo zinapojaa: "My father is driving a lorry", "Our teacher is teaching us well".

Na simu si mkweli kwa mtihani wenu. Hiyo imewekwa Kiingereza cha Marekani. Shule zetu zinafuata cha Uingereza: "colour", "favourite", "neighbour", "centre", "metre", "travelling" kwa l mbili ingawa mkazo wake uko mwanzo. Baba yake aingie kwenye mipangilio ya lugha abadilishe iwe Kiingereza cha Uingereza, mistari mingi myekundu itaondoka. "Programme" pia ni m mbili na e mwishoni, isipokuwa ile ya kompyuta, hiyo ni "program" hata Uingereza.